Msafiri wa Kila Siku Katika Nyaraka za Reli: Kampala na Majirani Zake

Utangulizi

Insha hii inahusu nyaraka za reli ya Afrika Mashariki, hasa zile za sera na uendeshaji, na inaziuliza swali moja: yuko wapi mtu anayekwenda kazini asubuhi na kurudi nyumbani jioni? Leo mtu huyu anazungumzwa sana. Kampala, Nairobi na Dar es Salaam zote zimekuwa na treni ya mjini, na viongozi husema reli itapunguza foleni za magari. Lakini reli zenyewe zilijengwa miaka mingi kabla ya treni hizo, na watu walikuwa wakienda kazini tangu siku ya kwanza. Hoja yangu ni kwamba nyaraka za reli ziliandikwa na watu waliotaka kujua habari za mizigo, kwa hiyo msafiri wa mjini hakuhesabiwa. Kwa kuwa hakuhesabiwa, kila kizazi kinaanzisha treni ya mjini kama jambo jipya, kisha kinakutana na matatizo yale yale.

Swali hili nililipata nyumbani kabla ya kulipata darasani. Babu yangu ni mzaliwa wa Tororo. Aliajiriwa na reli mwaka 1962, akafanya kazi Kampala katika genge la kutunza njia: kukaza misumari, kubadilisha mataruma, kurudisha kokoto mahali pake baada ya mvua. Aliishi katika nyumba za reli za Nsambya. Nilipomwambia kwamba nataka kuandika juu ya treni ya abiria ya Kampala na Namanve, alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, na sisi tuliokuwa tukitembea kwa miguu kando ya reli, utatuweka ukurasa gani?" Sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio la kumjibu.

Nyaraka za reli ni zipi, na zinasema nini?

Tukisema nyaraka za reli, wengi wetu hufikiria picha za zamani za injini za mvuke. Hizo zipo, na Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, limehifadhi injini na mabehewa yenyewe. Lakini kwa mwanafunzi wa historia, karatasi zina maneno mengi kuliko picha. Naweza kuzigawa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni taarifa za mwaka. Kila mwaka wakuu wa reli waliandika taarifa juu ya mapato, matumizi, tani za mizigo na idadi ya abiria. Mizigo ilitajwa kwa jina: pamba, kahawa, mahindi, magadi, saruji. Abiria waligawanywa kwa madaraja: la kwanza, la pili na la tatu. Fungu la pili ni vitabu vya nauli na gharama za usafirishaji, ambavyo ndivyo sera yenyewe kwa tarakimu. Fungu la tatu ni ratiba za kazi. Hizi si zile zinazobandikwa stesheni kwa ajili ya abiria, bali zile anazopewa dereva na stesheni masta, zinazoonyesha treni zipi zitapishana wapi. Fungu la nne ni majalada ya wafanyakazi: tarehe ya kuajiriwa, mshahara, adhabu, likizo, nyumba aliyopewa.

Kila fungu lina macho yake. Taarifa ya mwaka inaona mwaka mzima na nchi nzima, lakini haioni saa moja asubuhi. Abiria wa daraja la tatu walikuwa wengi kuliko wa madaraja mengine yote, na karibu wote walikuwa Waafrika. Hata hivyo, katika jedwali wamekuwa jumla moja. Mama aliyesafiri kutoka Jinja kwenda Nairobi kumwona mumewe na kibarua aliyepanda kituo kimoja tu kwenda sokoni wote wamo katika tarakimu ile ile. Mfanyabiashara wa pamba anaweza kuitafuta pamba yake humo na kuiona. Mtu aliyechuma pamba hiyo hawezi kujiona kwa urahisi hivyo.

Reli ya pamba, si reli ya watu

Sababu ya hali hiyo iko katika kusudi la reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, na Desemba 1901 reli ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Iliitwa Reli ya Uganda, na wanafunzi wengi hushangaa kwa nini reli iliyo Kenya ilipewa jina hilo. Jibu ni kwamba lengo lake lilikuwa Uganda, na tena wakati huo Kisumu penyewe palikuwa upande wa Uganda, kabla ya mpaka kuhamishwa mwaka 1902.

Kwa miaka thelathini mizigo ya Uganda ilivuka ziwa kwa meli. Mwaka 1912 ilifunguliwa reli fupi ya Jinja hadi Namasagali, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kutoa pamba ya Busoga na maeneo ya jirani. Mwaka 1931, baada ya daraja la Mto Naili kukamilika pale Jinja, treni ilifika Kampala moja kwa moja kutoka Mombasa. Mwaka 1956 njia ikafika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Ukiitazama ramani hii bila kujua historia, utadhani mtu alichora mstari wa kuunganisha miji. Ukiisoma pamoja na vitabu vya gharama, unaona kwamba mstari uliunganisha mazao na madini na bandari.

Gharama zenyewe zilipangwa kisiasa. Mazao ya kuuzwa nje yalitozwa kidogo, na bidhaa zilizoingia zilitozwa zaidi. Katika miaka ya 1920 na 1930 kulikuwa na malalamiko Uganda kwamba pamba yake inabeba mzigo wa njia za matawi zilizojengwa Kenya kwa ajili ya walowezi. Katika miaka hiyo ya 1930 zilitungwa pia sheria za kudhibiti malori ili yasiinyang'anye reli mizigo yenye faida. Naona jambo moja la maana hapa. Serikali ilipoona kitu kinatishia mapato ya mizigo, ilitunga sheria haraka, na mijadala hiyo imejaa katika majalada. Kibarua aliyetembea kilomita nyingi kila asubuhi hakutishia mapato ya mtu yeyote. Hakukuwa na sababu ya kumfungulia jalada.

Nsambya: sera ya kutomsafirisha mfanyakazi

Mtu anaweza kuuliza: je, wakuu wa reli walisahau tu kwamba wafanyakazi wanahitaji kufika kazini? Hapana. Walilifikiria sana, lakini jibu lao lilikuwa nyumba. Nairobi walijenga landi za reli, kama Muthurwa na Makongeni, karibu na stesheni na karakana. Kampala walijenga Nsambya, mlimani kidogo tu juu ya stesheni. Mfanyakazi aliyelala karibu na kazi alifika mapema, aliitwa usiku ajali ikitokea, na alisimamiwa kwa urahisi. Nyumba ilikuwa mali ya mwajiri. Ukipoteza kazi, umepoteza na paa.

Hapa ni vizuri kulinganisha na Afrika Kusini, ambako mambo yalikwenda kinyume. Huko serikali ya ubaguzi wa rangi iliwahamisha Waafrika mbali na mji, na mfano mkubwa ni Soweto. Kwa kuwa viwanda na nyumba za Wazungu za Johannesburg bado zilihitaji mikono yao, ilibidi treni za mjini ziendeshwe kwa ruzuku kuwaleta asubuhi na kuwarudisha jioni. Kwa hiyo msafiri wa kila siku amejaa katika nyaraka za reli za Afrika Kusini: idadi yake, nauli yake, msongamano wake, hofu ya serikali kwamba atagoma. Anaonekana kwa sababu sera ya kumtenga ilimhitaji aonekane. Kwetu sera ilikuwa kumweka mfanyakazi wa reli karibu, na wafanyakazi wengine wote wajitegemee. Ukimya wa nyaraka zetu nao ni matokeo ya sera.

Maisha ya babu yanaonyesha jambo hili vizuri. Kila mfanyakazi alikuwa na haki ya pasi ya kusafiri bure akienda likizo. Babu aliitumia pasi hiyo kwenda Tororo, ambako treni ya Nairobi hupita. Yaani treni ilimpeleka nyumbani mara moja kwa mwaka, na miguu ilimpeleka kazini siku zilizobaki. Rafiki zake waliofanya kazi viwandani na kuishi nje ya mji hawakuwa hata na pasi. Wao walitembea, au walipanda baiskeli, na wachache walipanda basi. Wengi walifuata njia ya reli kwa sababu ilikuwa imenyooka na haikuwa na tope kama barabara. Anasema asubuhi na mapema ungeona watu wamepangana kwenye mataruma kama siafu, wote wakielekea mjini, na treni ya mizigo ikija wanashuka kando, ikipita wanapanda tena.

Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa gari la moshi la kwanza la wafanyakazi wa Kampala, ila halikuwa na magurudumu. Safari zilikuwapo, na njia ilikuwa ndiyo hiyo hiyo. Hakuna aliyekata tiketi, kwa hiyo hakuna aliyeandikwa.

Kiswahili kazini, Kiingereza kwenye faili

Kuna sababu ya pili ya ukimya, nayo inatuhusu sisi tunaosoma Kiswahili. Mtaalamu wa anthropolojia R. D. Grillo alifanya utafiti Nsambya katikati ya miaka ya 1960, na kitabu chake juu ya wafanyakazi wa reli kilitoka mwaka 1973. Kinaonyesha kwamba wengi wa wafanyakazi wa reli wa Kampala walitoka Kenya, hasa Wajaluo na Waluhya, wakichanganyika na watu wa Uganda mashariki kama babu. Katika mchanganyiko huo Kiswahili kilikuwa lugha ya kufanya kazi. Waganda wengi wa wakati ule hawakukipenda, wakikiona lugha ya askari na wageni, lakini ndani ya uzio wa reli hukuweza kuinua chuma pamoja na wenzako bila Kiswahili.

Nyaraka lakini ziliandikwa kwa Kiingereza. Msimamizi wa genge alipotoa habari kwamba taruma limeoza, alisema kwa Kiswahili. Karani akaandika kwa Kiingereza. Mhandisi akasoma tafsiri. Katika tafsiri hiyo mambo mengi yaliachwa, hasa yale ambayo karani hakuyaona kuwa ya kikazi. Nilimwuliza babu kama aliwahi kumwambia mkubwa wake juu ya watu waliotembea relini. Akasema waliambiwa kila siku, kwa sababu ilikuwa hatari. Basi ikiwa habari hiyo iliandikwa, iliandikwa kama kosa: watu wanaoingia eneo la reli bila ruhusa. Msafiri wetu anaweza kuwamo katika nyaraka kumbe amevaa jina la mhalifu. Mtafiti anayetafuta neno abiria hatamwona. Amtafute katika taarifa za ajali na za ulinzi.

Reli ya Afrika Mashariki ilikuwa pia na gazeti la wafanyakazi wake lililopewa jina la Kiswahili, Sikio. Jina hili lanifurahisha na kunifikirisha. Wakuu walijua kwamba wakitaka kusikiwa na watu wao, mlango ni Kiswahili. Mtafiti anayekijua Kiswahili ana faida katika kazi hii, kwa sababu anaweza kusoma faili la mhandisi na pia kukaa na mzee aliyelala na kuamka na reli, bila mkalimani.

Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi wa Kenya, wengine wakikadiria 30,000. Nsambya ilibadilika. Babu anakumbuka jirani zake wakipakia vitanda na kuku katika treni ile ile waliyoitunza. Watu hao waliondoka na kumbukumbu ya namna kazi ilivyofanyika, na kumbukumbu hiyo haikuwa imeandikwa popote.

Mwaka 1977: reli inagawanyika, karatasi zinagawanyika

Tangu 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliendeshwa kama shirika moja lenye makao makuu Nairobi. Mwaka 1969 bandari zilitengwa na reli, lakini reli ilibaki ya pamoja chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na kila nchi ikabaki na shirika lake. Mpatanishi, Victor Umbricht kutoka Uswisi, alifanya kazi miaka mingi kugawanya mali na madeni, na mkataba ulitiwa saini Arusha mwaka 1984.

Tunaposoma habari hizi darasani tunahesabu injini, mabehewa na meli. Ni nadra kuuliza juu ya karatasi. Injini ukiigawa, unaweza kununua nyingine. Jalada ni tofauti. Shirika lililokuwa na makao makuu Nairobi lilikuwa limekusanya huko maamuzi ya sera juu ya nchi zote tatu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kampala anayetaka kujua kwa nini stesheni fulani ya Uganda ilijengwa mahali ilipo analazimika kufuata karatasi hadi Nairobi, na nyingine hadi Uingereza, ambako taarifa za wakati wa ukoloni zilipelekwa.

Jambo hili liliigusa familia yetu. Babu alipostaafu, ofisi moja iliyokuwa ikishughulikia haki zake ilimtaka alete uthibitisho wa miaka aliyofanya kazi kabla ya 1977. Jalada lake halikuonekana. Alichokuwa nacho ni kitambulisho kilichofifia, barua moja ya kupandishwa mshahara, na sanduku la bati lenye namba yake ya kazi iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Sanduku si waraka, aliambiwa. Miaka 15 ya jasho, tangu 1962 hadi 1977, ikahesabiwa kama haikuwapo. Na babu hayuko peke yake. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya wamedai haki zao kwa miaka mingi katika nchi zetu, na Tanzania madai hayo yalifika mahakamani. Anayesema kwamba nyaraka ni mambo ya wasomi tu, na aende akawaulize wazee hao.

Treni tatu za "kwanza"

Sasa turudi kwenye treni ya mjini. Katika muda wa miaka mitatu hivi, miji mikuu ya kibiashara ya nchi zetu tatu ilizindua huduma ambazo zilipokelewa kama mwanzo mpya. Oktoba 2012, Dar es Salaam ilianzisha treni ambayo wananchi waliibatiza treni ya Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, Nairobi. Desemba 2015, treni ya abiria ilianza kati ya Kampala na Namanve, asubuhi na jioni.

Nairobi haikuwa mara ya kwanza, kwani treni za kwenda vitongojini zilikuwapo tangu miaka ya 1980. Uganda nayo ilikuwa na treni za abiria za masafa marefu hadi ziliposimama mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli za Kenya na Uganda ulikabidhiwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, kwa mkataba wa miaka 25, na kwa upande wa Uganda mkataba ulilenga mizigo. Haukufika hata nusu ya muda wake, ukavunjwa mwaka 2017. Mwaka 2018 Shirika la Reli la Uganda likairudisha treni ya Namanve. Mwaka 2023 huduma ilisimama tena ili njia ikarabatiwe, ikarudi 2024.

Kuanza, kusimama, kuanza tena. Kwa nini? Ratiba za kazi, lile fungu la tatu la nyaraka, zinaeleza vizuri kuliko hotuba. Njia yetu ni moja. Treni mbili zinazotoka pande mbili zinaweza kupishana tu mahali penye njia ya pembeni, yaani stesheni. Tuchukue mfano rahisi. Ikiwa kutoka stesheni moja hadi nyingine ni dakika 15, basi treni ikishaingia kipande hicho hakuna nyingine itakayotoka upande wa pili mpaka hiyo ifike. Kwa saa moja kipande hicho kitapitisha treni nne kwa jumla, mbili kwenda na mbili kurudi, na hapo hakuna hata moja iliyochelewa. Ukiongeza treni moja ndefu ya mizigo inayopanda polepole, umepoteza nafasi mbili. Mtunza ratiba atamchagua nani? Ratiba za zamani zilipangwa kwa desturi ya kuhakikisha mizigo inafika bandarini, na stesheni ziliwekwa mahali pa kupakia mizigo na kupishana treni. Hazikuwekwa mahali watu wanapoishi.

Tatizo la pili ni la fedha. Msafiri wa mjini huja kwa wingi asubuhi na jioni tu. Mchana behewa limelala, lakini dereva na mlinzi wanalipwa. Ndiyo maana miji mingi duniani hutoa ruzuku. Faida ya treni haimo katika sanduku la nauli. Treni ikibeba watu 700 kwa mara moja, imeondoa barabarani teksi 50 zenye viti 14. Faida hiyo anaipata mwenye gari, mwenye duka na mgonjwa aliye katika ambulensi, lakini hakuna safu ya kuiandika katika hesabu za reli. Hesabu zilirithiwa kutoka wakati wa pamba, na katika hesabu za pamba abiria wa nauli ndogo ataonekana hasara daima.

Wanaoishi kando ya reli

Kuna watu ambao reli huwapita kila siku bila kuwachukua. Kibera, Nairobi, ni mfano unaojulikana. Njia kuu ya kwenda Uganda inapita katikati ya makazi hayo. Wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, watu waling'oa reli pale Kibera, na mizigo ya Uganda ikakwama. Sisi Kampala tulipata habari hizo kwa njia ya bei za mafuta. Siungi mkono kuharibu reli. Lakini nauliza kama njia ile ingeng'olewa kwa wepesi uleule endapo wale vijana wangekuwa wakiipanda kila asubuhi.

Kampala nako, mwaka 2014, vibanda vingi vilivyojengwa katika hifadhi ya reli vilibomolewa. Shirika lilikuwa na ramani za ardhi yake. Wafanyabiashara walikuwa na miaka yao pale na risiti za kodi za huyu na yule. Ramani ikashinda, kama sanduku la babu lilivyoshindwa. Sidai kwamba ramani ilikuwa na makosa. Hifadhi ya reli ina sababu yake, na moja ni usalama. Ninachosema ni kwamba nyaraka za reli zinahesabu ardhi kwa mita, lakini kwa nini watu walikusanyika kando ya njia, na wanaelekea wapi asubuhi, haziulizi. Mpangaji wa treni ya mjini anayehitaji kujua mahali pa kuweka stesheni angeweza kuanza na swali hilo. Palipojaa vibanda ndipo penye abiria.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, nyaraka za reli ya Afrika Mashariki ni hazina kubwa, lakini zilipangwa kwa macho ya mizigo. Pili, ukimya wao juu ya msafiri wa mjini una maana: ulitokana na sera ya nyumba, sera ya gharama na lugha ya kuandikia. Tatu, kugawanyika kwa nyaraka baada ya 1977 kuliathiri uwezo wetu wa kukumbuka, na pia haki za wazee walio hai.

Napendekeza mambo mawili. La kwanza ni kwa mashirika ya reli na hifadhi za nyaraka za nchi zetu: Jumuiya imefufuliwa tangu mwaka 2000, na ni wakati orodha za nyaraka za reli ya pamoja zibadilishwe kati ya nchi, ili mtu wa Tororo asihitaji viza ya bahati kulipata jalada lake. La pili ni kwetu wanafunzi. Wazee wa Nsambya, Muthurwa na Tabora bado wapo, ingawa kila mwaka wanapungua. Wana vitambulisho, barua, picha na ratiba zilizotumika kufungia sukari. Tukienda na simu zetu tu, tunaweza kupiga picha karatasi hizo na kurekodi maneno yao kwa Kiswahili chao cha reli.

Mimi nimeanza na babu. Nimepiga picha kitambulisho chake, barua yake, na namba iliyo kwenye sanduku. Nimerekodi pia maelezo yake ya ile asubuhi ya watu kwenye mataruma. Alipomaliza alisimama akaniuliza kama nimeandika kwamba walikuwa wakitembea kwa hiari yao, bila kulazimishwa na mtu, kwa sababu njia ilikuwa nzuri na wao ndio walioitengeneza. Nimeandika.